Nusu ya Opera: Jinsi "Motezuma" ya Vivaldi Ilivyorudishwa Jukwaani

Maneno yalibaki, nyimbo zikapotea. Tarehe 14 Novemba 1733, katika ukumbi wa Sant'Angelo mjini Venice, mtunzi Mwitaliano Antonio Vivaldi alitoa opera mpya, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, juu ya Motezuma, mfalme wa Mexico, na Wahispania waliomvamia. Maneno yake yalitungwa na Alvise Giusti, na kama ilivyokuwa desturi ya mji ule, yalichapwa katika kijitabu kinachoitwa libreto, ambacho watu walikinunua wakakisoma huku mchezo ukiendelea. Msimu ulipokwisha, vijitabu viliendelea kukaa makabatini. Noti, yaani alama za muziki zilizoandikwa, hazikuonekana tena. Kwa karibu miaka 270 mtu aliweza kuisoma opera ile mwanzo hadi mwisho bila kujua ilisikikaje.

Msomaji wa Kiswahili anaijua hali hiyo. Hati za tenzi zilizoandikwa Pate na Lamu katika karne hiyohiyo zina maneno yaliyopangwa kwa herufi za Kiarabu, mizani imekaa, vina vimekaa, lakini mahadhi hayamo. Mahadhi yalikuwa kinywani mwa msomaji, na asipomrithisha mtu, ukurasa unabaki na shairi lisilo na sauti.

Mwaka 2002 noti za "Motezuma" zilipatikana Berlin, na habari zikaenea kwamba opera iliyopotea imerudi. Mimi ni mpenzi wa muziki huu, na naona habari ile ilitufanya wengi tuelewe vibaya. Kilichopatikana kilikuwa sehemu tu ya opera. Na hata kama kurasa zote zingekuwepo, zisingekuwa opera bado. Ili kuelewa ni kwa nini, inabidi tuangalie jinsi noti za zama zile zilivyoandikwa na zilivyotumika. Jambo hilo moja ndilo lililoamua kazi ya wanamuziki, na baadaye likaamua hata kesi mahakamani.

Kwa nini zilipotea

Venice ya wakati huo ilikuwa na kumbi kadhaa za opera zilizogombea watazamaji wale wale, na kila msimu watu walitaka kitu kipya. Opera ya mwaka jana ilikuwa imepitwa. Kuchapa noti kulikuwa na gharama kubwa, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua. Noti ziliandikwa kwa mkono, zikakaa ukumbini, na aliyetaka nakala aliwalipa wanakili wamwandikie. Waimbaji nao walibeba masandukuni aria, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja, walizopigiwa makofi, wakazichomeka katika opera nyingine kwenye miji mingine. Vivaldi mwenyewe aliichukua aria nzuri kutoka kazi moja akaipeleka kwenye nyingine bila kuona haya, kama fundi anayehamisha mlango mzuri kutoka nyumba inayobomolewa.

Katika barua moja Vivaldi alidai ametunga opera 94. Wataalamu wanazihesabu hamsini hivi, na zilizobaki na muziki wake, nyingine zikiwa na mapengo, ni kama ishirini tu. Alifariki Vienna mwaka 1741 akiwa fukara, na jina lake likafifia kwa muda mrefu. Lilianza kurudi mwaka 1926, pale mapadri wa Kisalesia katika shule moja ya Piedmont, Italia, walipotaka kuuza rundo la vitabu vya zamani vya muziki. Ndani yake mlikuwa na mamia ya kazi za Vivaldi. Maktaba ya taifa ya Turin haikuwa na fedha za kuvinunua. Alijitokeza Roberto Foà, aliyekuwa amefiwa na mtoto wake mdogo wa kiume, akalipa ili mkusanyiko uitwe kwa jina la mtoto huyo, Mauro. Sehemu nyingine ya mkusanyiko ilipopatikana, Filippo Giordano, naye amefiwa na mwanawe Renzo, akafanya vivyo hivyo. Hadi leo mtafiti anayetaka kuona mwandiko wa Vivaldi anaomba juzuu za Foà au za Giordano. Kila nikiwaza kwamba majina ya watoto wawili ndiyo yanayoshika kazi zile, naguswa.

Lakini "Motezuma" haikuwemo Turin. Ilikuwa imefuata njia nyingine. Kikundi cha waimbaji wa Berlin kiitwacho Sing-Akademie, kilichoanzishwa mwaka 1791, kilikusanya maktaba kubwa ya hati za muziki. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, maktaba hiyo ilihamishiwa Silesia ili isiteketee kwa mabomu. Mwaka 1945 Jeshi Jekundu la Kisovieti liliichukua, ikapelekwa Kyiv, Ukraine, na kwa zaidi ya miaka hamsini Wajerumani hawakujua iko wapi. Ilitambuliwa mwaka 1999 na watafiti walioongozwa na Christoph Wolff wa Harvard, ikarudi Berlin mwaka 2001, zaidi ya hati elfu tano. Mwaka uliofuata mtaalamu wa muziki Steffen Voss, akipekua rundo hilo, alikutana na opera iliyokosa kurasa za mwanzo. Libreto ndiyo iliyoitambulisha. Wahusika walikuwa wale wale, maneno yalikuwa ya Giusti. Kijitabu cha mlangoni kilichodharauliwa kikawa ndicho cheti cha kuzaliwa cha muziki.

Karatasi inasema nini na inanyamaza wapi

Hapa ndipo penye uzito. Tuketi na ukurasa mmoja.

Sehemu kubwa ya opera ya Kibaroko, mtindo wa Ulaya wa zama za Vivaldi, ni resitativo, yaani mazungumzo yanayoimbwa kwa mwendo wa kusema. Ukiangalia kwenye hati utaona mistari miwili tu. Mmoja ni wa mwimbaji, na chini yake upo wa besi, yaani sauti nzito ya chini, noti chache ndefu zinazobadilika polepole. Mara nyingine juu ya noti ya besi kumeandikwa namba ndogo. Tuseme besi ni do na juu yake pana 6. Maana yake ni kwamba mpigaji wa hapsikodi, kinanda kile ambacho nyuzi zake hukwanyuliwa, apige do kwa mkono wa kushoto na kwa mkono wa kulia aongeze mi na la. Mahali pasipo na namba, kanuni zinamwambia noti zipi zinafaa. Lakini hakuna kinachomwambia azipige zote kwa mpigo mmoja au azimwage moja moja, apige juu au chini, ajaze au aache kimya mwimbaji apumue. Yote hayo ni yake. Pembeni yake anaweza kuketi mpigaji wa teorbo, jamaa wa udi mwenye shingo ndefu sana, naye hana ukurasa wake. Anasoma besi ile ile na anaamua mwenyewe.

Hilo halikuwa kosa wala uvivu wa Vivaldi. Aliwaandikia watu aliowajua, waliolelewa katika ufundi huo na ambao angekuwa nao ukumbini akipiga fidla. Angewaandikia nini zaidi? Noti zilikuwa kama maagizo baina ya mafundi wa karakana moja. Tatizo ni kwamba karakana ilifungwa, mafundi wakafa, na sisi tumebaki na maagizo.

Aria nazo zina pengo lao. Nyingi zina sehemu mbili, kisha mwimbaji anarudi mwanzo na kuimba sehemu ya kwanza upya. Mnakili hakuiandika mara ya pili, aliweka alama tu ya kurudi. Lakini mwimbaji wa 1733 aliyerudia vilevile angezomewa. Alitakiwa kupamba, kunyoosha sauti hapa, kuikunja pale, kuonyesha koo lake lina nini. Aliyewahi kukaa kwenye taarabu Unguja au Mombasa akasikia ubeti ukirudiwa, safari hii sauti ikizunguka pale ilipopita moja kwa moja mwanzoni, hadi mtu anainuka kwenda kutunza, anaelewa kwamba kurudia ndiko kwenye utamu. Mapambo hayo hayamo katika hati. Kila mwimbaji wa leo inambidi ayatunge yake, na kwa kuwa hakukulia katika desturi ile, anayasomea katika vitabu vya mafunzo vya karne ya 18 na kwa walimu waliovisoma kabla yake.

Kisha kuna sauti zenyewe. Fernando, yaani Hernán Cortés, kiongozi wa Wahispania, aliandikiwa sauti ya juu ya soprano na akaimbwa na kastrato, mwanamume aliyehasiwa kabla ya kubalehe ili sauti yake ya kitoto isivunjike. Motezuma ndiye aliyepewa sauti nzito. Mtazamaji wa leo hudhani mambo yamegeuzwa, kwa sababu tumezoea shujaa mwenye sauti nene. Kwa Wavenisi ilikuwa kinyume: sauti ya juu, yenye nguvu za mapafu ya mtu mzima, ndiyo iliyokuwa ya mashujaa na wapenzi. Kastrato wa mwisho aliyerekodiwa, Alessandro Moreschi, alirekodiwa mwaka 1902 na 1904, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka ukatili ule urudi. Kwa hiyo anayeandaa onyesho huchagua: mwanamke avae vazi la askari, au apatikane mwanamume aliyejifunza kuimba kwa sauti ya juu, wanaoitwa kauntatena. Mwanamke anafika kwenye noti hizo kwa urahisi zaidi. Kauntatena anampa mtazamaji umbo la mwanamume, lakini wengi wao hawafiki kwenye soprano ya kweli. Kushusha noti zote nako hubadili rangi ya okestra nzima. Binafsi naona mwanamke ndiye chaguo aminifu zaidi, kwa sababu mwaka huohuo wa 1733 Ramiro, nduguye Fernando, aliimbwa na mwanamke na hakuna aliyeshangaa.

Mapengo hujazwaje

Hadi hapa nimezungumzia kurasa zilizopo. Katika "Motezuma" mwanzo wa sehemu ya kwanza ya mchezo haupo, na kipande kikubwa cha sehemu yake ya tatu kimepotea. Anayetaka kuiweka jukwaani ana njia tatu. Anaweza kuacha pengo, mwigizaji akasoma maneno ya libreto bila muziki. Anaweza kutunga muziki mpya kwa mtindo wa Vivaldi. Au anaweza kuazima aria kutoka opera nyingine ya Vivaldi na kuivisha maneno ya Giusti.

Njia ya tatu inasikika kama udanganyifu, kumbe ndiyo inayokaribia zaidi tabia ya Vivaldi. Na siri yake ni mizani. Chukua maneno haya ya Motezuma akiwa ameporomoka: "Dov'è la figlia, dov'è il mio trono? Non son più padre, più re non sono." Yuko wapi binti yangu, kiko wapi kiti changu cha enzi? Si baba tena, si mfalme tena. Ukihesabu kwa Kitaliano, ambapo irabu mbili zinazokutana humezana, kila kipande kina mizani tano. Watungaji wa libreto walitumia vipimo vichache vinavyojulikana, vya tano, sita, saba, nane. Kwa hiyo kama aria yenye maneno ya mizani tano imepotea, mtafiti anatafuta katika opera zilizobaki aria nyingine ya mizani tano, yenye hasira au huzuni inayolingana, iliyotungwa miaka ya karibu. Maneno yanaingia kama mkono kwenye glavu, au karibu hivyo. Malenga anayejua kwamba utenzi wa mizani nane unaweza kughaniwa kwa mahadhi ya utenzi mwingine hatashangaa hata kidogo.

Ugumu uko kwenye karibu hivyo. Tuseme muziki ulipanda juu kwenye neno lililomaanisha bahari, na sasa katika nafasi ileile limekaa neno lisilo na uzito. Hapo mtengenezaji lazima aguse noti, na akishagusa, si Vivaldi peke yake tena. Resitativo ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa inafuata kila silabi na haiwezi kuazimwa. Hiyo hutungwa upya. Kwa rekodi iliyoongozwa na Alan Curtis na kutolewa mwaka 2006, kazi ya kujaza mapengo ilifanywa na mpiga fidla Alessandro Ciccolini. Kumbe hata kabla ya hati kupatikana, mwaka 1992, Mfaransa Jean-Claude Malgoire alikuwa amelichukua libreto lote na kulivisha muziki wa Vivaldi kutoka kazi nyingine. Kwa hiyo zipo "Motezuma" zaidi ya moja, na msikilizaji anayetaka kujua anasikiliza nini hana budi kusoma kijitabu kinachoambatana na rekodi.

Nani mwenye mali

Muziki uliporudi, ugomvi ukafuata. Vivaldi alikuwa amekufa zaidi ya miaka 260, hakimiliki yake haipo. Lakini sheria ya Ujerumani, sawa na ya nchi nyingine za Ulaya, ina kifungu kinachompa haki ya miaka 25 mtu wa kwanza kuchapisha kazi ya zamani ambayo haijawahi kuchapishwa. Nia yake ni nzuri: anayetumia fedha zake kuifikisha kazi kwa watu apate kitu. Sing-Akademie ilitoa nakala za hati hiyo na kudai ndiyo mchapishaji wa kwanza, kwa hiyo anayetaka kuipiga aombe ruhusa na alipe.

Mwezi Juni 2005 opera ilisikika Rotterdam bila mapambo ya jukwaa, ikiongozwa na Federico Maria Sardelli na kundi lake Modo Antiquo. Majira hayohayo onyesho lililopangwa Barga, Italia, lilizuiwa kwa amri ya mahakama. Tamasha moja la Düsseldorf nalo lilipigwa zuio, hadi Agosti mahakama ya rufaa ilipoliondoa, na Septemba 2005 opera ikaonyeshwa kamili jukwaani kwa mara ya kwanza tangu enzi za Vivaldi. Kesi yenyewe iliendelea hadi Mahakama Kuu ya Shirikisho, Karlsruhe, ikahukumiwa tarehe 22 Januari 2009.

Swali lililowakabili majaji lilikuwa hili: opera ambayo haikuchapwa, je, "ilitolewa kwa umma" mwaka 1733? Sing-Akademie ilisema hapana, maana hakuna kitabu cha noti kilichowahi kuchapwa. Majaji wakarudi kule kwa wanakili wa Venice. Walisema desturi ya kumbi zile ilikuwa kuacha noti mahali ambapo watu wanaotaka wangeweza kuagiza nakala, na kwa zama zile huko ndiko kutoa kazi kwa umma. Anayedai kwamba haikutolewa ndiye anayepaswa kuthibitisha, na Sing-Akademie haikuweza. Ikashindwa. Tangu hapo muziki ule ni wa wote.

Naliona uamuzi huo kuwa wa haki, ingawa namhurumia anayetunza hati kwa gharama halafu wengine wanafaidi. Kilichonivutia zaidi ni kwamba majaji walikubali jambo ambalo wanamuziki walikwishalijua: huwezi kuzielewa noti za 1733 kwa kipimo cha vitabu vya leo.

Mwisho unaokera

Lipo jambo moja ambalo noti zikikamilika hata hazitalitatua. Motezuma wa historia aliuawa mwaka 1520. Motezuma wa Giusti anasalimika, anaapa utii kwa mfalme wa Hispania, na binti yake Teutile anaolewa na Ramiro, ndugu wa mvamizi. Kwaya inaimba kwa furaha. Opera za wakati huo zilitakiwa kuisha hivyo.

Mswahili hawezi kuutazama mwisho huo kwa moyo mwepesi. Wareno waliupora mji wa Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505, na miaka minne tu kabla ya usiku ule wa Venice, mwaka 1729, watu wa Mombasa walikuwa wakiwatoa Wareno Fort Jesus kwa mara ya mwisho. Huku kwetu mji unajikomboa, kule wanaimba harusi ya mshindi na mshindwa. Wapo wanaopendekeza mwisho ubadilishwe. Mimi naona uachwe, uimbwe kwa ustadi wote, na mwongozaji amweke Mitrena, mke wa Motezuma, mbele ya macho yetu. Nafasi hiyo Vivaldi alimwandikia Anna Girò, mwimbaji aliyemwamini kuliko wote, na katika hukumu anazomtolea Fernando kuna hasira ambayo harusi haiifuti. Kwaya ikiimba na yeye akisimama kimya, mtazamaji ataona mwenyewe.

Ukumbi wa Sant'Angelo haupo tena. Lakini ile hoja ya Karlsruhe inanikaa akilini. Kama majaji walikuwa sahihi, kama kweli mtu aliweza kuingia mlangoni, kulipa, na kutoka na nakala, basi nakala ya Berlin huenda haikuwa peke yake. Kurasa za mwanzo zisizokuwemo Berlin huenda ziko ndani ya kasha jingine, chini ya jina jingine au bila jina lolote, na libreto la kuzitambulishia tayari tunalo.